Shada la Lenore: kuhusu mwisho wa Scaramouche

Filamu ya Scaramouche, ambayo studio ya MGM iliitoa mwaka 1952 chini ya uongozaji wa George Sidney, inamalizika mara tatu. Inamalizika kwanza kwa pambano la upanga ndani ya ukumbi wa maigizo mjini Paris, pambano ambalo hadi leo wapenzi wa sinema za panga hawaachi kulitaja. Inamalizika tena muda mfupi baadaye, mzee mmoja anapofichua siri ya nani alimzaa nani. Kisha, mtazamaji akiwa ameshaanza kujinyoosha ili ainuke, inamalizika kwa mara ya tatu kwa shada la maua linalorushwa kutoka roshani. Nimeitazama filamu hii mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri mbele ya watu wa nyumbani kwangu, na kila ninapoirudia naona vile vile: mwisho wa kwanza ni mkubwa, wa pili ni wa kukwepa, na wa tatu, ambao ni mfupi kuliko yote, ndio unaoirudisha filamu mikononi mwa wenyewe, yaani waigizaji.

Kwa msomaji ambaye hajaiona, kisa chenyewe ni hiki, na kwa kuwa nazungumzia mwisho, sitaficha kitu. Ufaransa iko ukingoni mwa mapinduzi. André Moreau, anayeigizwa na Stewart Granger, ni kijana aliyezaliwa nje ya ndoa, asiyemjua baba yake wala kulipa jambo lolote uzito. Rafiki yake Philippe de Valmorin anaandika vijitabu vya siri dhidi ya makabaila kwa jina la kubuni la Marcus Brutus. Markizi (cheo cha kikabaila) Noel de Maynes, anayeigizwa na Mel Ferrer, ni bingwa wa upanga na kipenzi cha Malkia Marie Antoinette, na anamnasa Philippe kwa njia inayofanana na adabu: anamlazimisha wapigane kiungwana, huku akijua fika kwamba kijana yule hajui hata kuushika upanga, na anamuua taratibu, kwa kumchezea. André anaokota upanga ili alipize kisasi, anaaibishwa papo hapo, anakimbia kuokoa roho yake, na anaapa kwamba siku moja Markizi atakufa kwa namna ile ile.

Anakimbilia kwa waigizaji. Kundi la Gaston Binet linazunguka nchini na mikokoteni yake, likicheza vichekesho vya mtindo wa Kiitalia, na ndani yake yumo Lenore, mwigizaji mwenye nywele nyekundu ambaye André amekuwa akipendana na kugombana naye kwa muda mrefu. Anavaa barakoa ya Scaramouche ili askari wasimtambue, na kumbe anakifahamu kichekesho kuliko alivyodhani. Mchana anajifunza upanga. Kwanza anajifunza kwa siri kwa Doutreval, mwalimu yule yule anayemfundisha Markizi. Baadaye, mjini Paris, anajifunza kwa Perigore, aliyemfundisha Doutreval. Huwa nacheka kila nikifika hapo, kwa sababu ni hesabu ya mtu mwenye kisasi cha kweli: kama siwezi kumzidi adui yangu, nitamtafuta aliyemfundisha mwalimu wake.

Halafu kuna Aline de Gavrillac, anayeigizwa na Janet Leigh, binti wa kikabaila aliyeandaliwa na Malkia mwenyewe aolewe na Markizi. André anakutana naye njiani, wanavutiwa mara moja, na msichana anapolitaja jina lake kijana anapigwa na butwaa, maana ametoka kuambiwa hivi punde kwamba baba yake ni mkuu wa ukoo wa Gavrillac. Msichana anayempenda, basi, ni dada yake. Anajifanya baridi na kuondoka bila kumweleza sababu. Fundo hilo linabaki limefungwa hadi dakika za mwisho, na namna linavyofunguliwa ndiyo inayonifanya niandike.

Kabla ya kufika kwenye upanga, inafaa kukumbuka waigizaji walikuwa nani katika Ufaransa ile, kwa sababu filamu haielezi na bila jambo hilo mwisho wake hupungua uzito. Scaramouche hakubuniwa na mwandishi wa riwaya iliyozaa filamu hii. Ni mhusika wa kale wa jukwaa la Kiitalia, na aliyempa umaarufu mjini Paris ni Tiberio Fiorilli, aliyefariki mwaka 1694, ambaye wala hakuvaa barakoa bali alijipaka unga usoni; kundi lake lilitumia ukumbi mmoja na kundi la Molière, mwandishi na mwigizaji wa vichekesho, kwa zamu. Watu wa namna hii walishangiliwa na wafalme usiku na kukataliwa na Kanisa mchana. Molière alipofariki mwaka 1673 ilibidi mfalme aingilie kati ndipo akazikwa, na akazikwa usiku. Waigizaji hawakuhesabiwa kuwa raia kamili hadi Desemba 24, 1789, Bunge la Taifa lilipoamua kwamba wao pamoja na Waprotestanti wanaweza kushika nyadhifa za umma. Hata baada ya hapo, mwaka 1790, paroko wa Saint-Sulpice mjini Paris alikataa kumfungia ndoa mwigizaji maarufu Talma kwa sababu ya kazi yake tu, na Talma akapeleka malalamiko yake bungeni.

Ndani ya filamu André anafanya mambo mawili ambayo historia ilikuwa ndiyo kwanza inayaruhusu yakutane katika mtu mmoja: mchana anakaa katika Bunge la Taifa kama mjumbe, na usiku anapanda jukwaani kuchekesha watu. Makabaila wana mbinu ya kuwachokoza wajumbe wa watu wa kawaida na kuwaua kwa upanga mmoja mmoja, na yeye amealikwa bungeni kwa sababu ya mkono wake. Wapo wanaodhani jambo hili ni chumvi ya Hollywood. Sivyo kabisa. Collot d'Herbois alikuwa mwigizaji kabla ya kuingia katika Kamati ya Usalama wa Umma, chombo kilichoiongoza serikali ya mapinduzi, mwaka 1793, na Fabre d'Églantine, aliyeyabuni majina ya miezi ya ile kalenda ya kimapinduzi, alikuwa amezunguka na makundi ya maigizo kabla ya kuwa mbunge na hatimaye kukatwa kichwa mwaka 1794.

Sasa tuje ukumbini. Aline na Lenore, kila mmoja akiwa na sababu zake, wamekula njama ya kuwatenganisha wanaume hawa wawili. Kila siku ambayo Markizi angepaswa kukutana na André bungeni, Aline anazua shughuli ya kumzuia. Njama inakwenda vizuri mpaka usiku ambao Markizi mwenyewe anamchukua Aline kwenda kutazama vichekesho. Scaramouche yuko jukwaani, watu wanacheka, kisha anainua macho na kumwona adui yake ameketi juu, kwenye viti vya roshani vya watu wenye nafasi. Anavua barakoa. Kwa muda wote wa filamu barakoa hiyo ndiyo iliyomweka hai, na anaivua mbele ya umati, kwa hiari yake, ili adui ajue ni nani anayemjia.

Pambano linachukua zaidi ya dakika 6, na jambo la kwanza la kulisikia ni kwamba hakuna muziki. Victor Young aliyeitungia filamu muziki wa kifahari ananyamaza kabisa, na mtazamaji anabaki na mlio wa chuma, pumzi, nyayo za viatu, na minong'ono ya watu. Uamuzi huo ndio unaonipa imani na waliotengeneza filamu. Muziki ungetuambia lini tuogope na lini tushangilie. Kwa kuuondoa wanatufanya tuwe kama wale waliokata tiketi kuja kucheka na sasa hawajui kama wanachokiona ni sehemu ya mchezo.

Wanaanzia juu, wakipigana kwenye kingo nyembamba za roshani, mguu ukitafuta pa kukanyaga huku chini kukiwa na shimo la ukumbi mzima. Wanatokea kwenye ukumbi wa mapokezi na kushuka ngazi zake kubwa. Wanarudi ndani kwenye viti vya watazamaji. Wanaingia nyuma ya jukwaa, kwenye kamba na mapambo ya mchezo, na mwishowe wanajikuta jukwaani penyewe, chini ya taa. Njia hiyo haikupangwa ovyo. Markizi anaanzia mahali pa wenye cheo na anasukumwa hatua kwa hatua hadi mahali pa wale ambao nchi yake haikuwahesabu kuwa watu. Anapoangushwa, anaangushiwa kwenye mbao za Binet.

Mapigo yenyewe yalipangwa na Mbelgiji Jean Heremans, mwalimu wa upanga, na ukitazama kwa makini utaona kwamba wapiganaji wawili wana tabia mbili. Ferrer alikuwa mchezaji dansi katika majukwaa ya New York kabla ya kuingia kwenye sinema, na Markizi wake anapigana kwa mgongo ulionyooka, kiwiko kikikaa pale kinapotakiwa, kana kwamba bado yuko darasani. Granger ni mzito zaidi, anaruka, anaingia kwa bega. Wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya pekee ya kumjua Granger: miaka miwili kabla ya Scaramouche aliigiza katika filamu iliyotokana na riwaya ambayo wengi waliisoma kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, na sehemu kubwa ya filamu hiyo ilipigwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo. Huko alikuwa mwindaji mkavu asiyecheka. Hapa anacheka wakati wote, ila katika dakika hizi za ukumbini, na uso wake ukiacha kucheka unatisha.

Kisha inafika saa ambayo kila mtu ameingoja. Markizi ameishiwa nguvu, amejeruhiwa, upanga wa André uko kifuani mwake. Kiapo kinasubiri kutimizwa. Nasi tuliokulia kwenye sinema za mtaani, ambako stelingi hafi na adui haponi, tunajua mkono ule utashuka. Haushuki. André anasimama, anajaribu, hawezi. Anaupiga upanga kwenye mbao za jukwaa ukasimama hapo, na yeye anaondoka.

Kama filamu ingeishia hapo ningeiita kazi kubwa bila kusita. Mtu aliyejiunda upya kutoka utosini hadi unyayoni kwa ajili ya kitendo kimoja anagundua, kitendo kikiwa mkononi mwake, kwamba yeye siye anayeweza kukitenda. Markizi alimuua Philippe kwa kumchezea, na André aliapa kumuua Markizi kwa namna ile ile. Namna hiyo inahitaji mtu wa aina ya Markizi. Miezi aliyoishi na waigizaji imempa jambo ambalo hakulitafuta, kwa maana kazi yao ni kufa kila usiku na kuamka ili wainamie watazamaji. Lakini haya nayasema mimi. Filamu yenyewe haikupenda kuliacha jambo hilo wazi.

Mzee anayekuja kulifunga ni Georges de Valmorin, baba wa marehemu Philippe. Anamweleza André kwamba mkuu wa ukoo wa Gavrillac hakuwa baba yake, bali alikuwa mlezi tu aliyeitunza siri ya mwingine. Baba yake wa kweli alikuwa Markizi wa zamani, baba yake Noel. Wale wawili waliotaka kuuana ni ndugu wa baba mmoja. Ndiyo maana, tunaelezwa, mkono ulikataa.

Siri hii inafanya kazi mbili kwa mpigo mmoja, na lawama yangu ni kwamba moja tu ndiyo iliyohitajika. Ili André amwoe Aline, inatosha kujua kwamba Gavrillac hakuwa baba yake. Hapo fundo la udugu linafunguka, kanisa linafungua mlango, watu wanavaa nguo nzuri. Hakuna haja ya kumwongezea damu ya Maynes. Nyongeza hiyo imewekwa kwa ajili ya kuieleza huruma, na huruma ikishaelezwa kwa damu inakoma kuwa huruma. Inakuwa kitu cha mwilini, kama kupiga chafya. Kibaya zaidi, kijana ambaye kwa saa nzima na nusu ameonyesha kwamba mtu asiye na baba anaweza kuwa mchekeshaji, mpiganaji na mbunge, dakika ya mwisho anakabidhiwa baba wa kikabaila, kana kwamba bila hivyo ushindi wake usingeeleweka. Rafiki yake alikufa kwa kuandika kwamba watu ni sawa, na baba wa rafiki huyo ndiye anayeletwa kusema kwamba damu ndiyo iliyoamua.

Riwaya ya Rafael Sabatini, iliyochapishwa mwaka 1921, ina siri pia, lakini inakata kwa makali mengine. Sabatini alizaliwa Iesi, nchini Italia, mwaka 1875, mtoto wa waimbaji wawili wa opera, kwa hiyo maisha ya watu wa jukwaani wanaohama mji hadi mji hakuyasikia kwa kuhadithiwa. Katika kitabu chake adui, anayeitwa Markizi de La Tour d'Azyr, si ndugu wa André-Louis, kama André anavyoitwa humo. Ni baba yake mzazi. Hakuna pambano ndani ya ukumbi wa maigizo; wanapigana upanga mahali pengine, Markizi anajeruhiwa na kupona, na siri inatoka baadaye, Agosti 1792, Paris ikiwa inawaka kwa shambulio la kasri la Tuileries, wakati wanaume hao wamekutana chumbani kwa mwanamke mmoja na bastola zimeshatolewa. Mwanamke huyo, Madame de Plougastel, anapiga kelele kwamba wao ni baba na mwana, na yeye ndiye mama.

Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana. Katika kitabu damu haimzuii mtu kuua. Kinachozuia ni sauti ya mama, tena dakika ya mwisho kabisa. Na baada ya kujua, hakuna anayekumbatiwa. Yule mkabaila aliyemuua rafiki yake ni baba yake, na hilo halimpendezi hata kidogo, wala halifuti kosa. Wanaachana kwa baridi, baba anakimbilia nje ya nchi, na mwana anabaki na swali ambalo mwandishi hakumjibia. Filamu ya kimya ya mwaka 1923, iliyoongozwa na Rex Ingram, Ramon Novarro akiwa shujaa, ilishikilia siri hii ya baba na mwana. Markizi katika filamu hiyo aliigizwa na Lewis Stone. Na mzee Georges de Valmorin wa mwaka 1952, yule anayekuja kufichua siri iliyolainishwa, ni Lewis Stone huyo huyo, miaka 29 baadaye. Sijui kama George Sidney alikusudia tuone hivyo, lakini mimi sikwepi: baba wa filamu ya zamani amerudi, amevaa jina la mtu mwingine, akitoa ushahidi kwamba baba ni mwingine.

Kwa nini baba akageuzwa kuwa kaka? Sababu iliyo wazi ni umri. Ferrer na Granger walikuwa rika moja, na studio ilitaka wanaume wawili wanaogombania wanawake wale wale, si mzee na kijana. Lakini umri hauelezi kwa nini mapinduzi yenyewe yametoweka. Katika filamu hatuoni Tuileries wala Agosti 1792. Tunaona bunge lenye kelele, tunaona ukumbi, kisha harusi. Gari la maharusi linapopita mitaani, Malkia aliyeonekana kwa uzuri sana katikati ya hadithi, akiigizwa na Nina Foch, bado yu hai na hakuna anayekumbushwa Oktoba 1793, alipokatwa kichwa. Markizi naye anaachwa alipoanguka. Hatuonyeshwi ndugu hawa wawili wakikaa pamoja na kusema lolote juu ya walichojua, ingawa siri nzima ilifichuliwa kwa ajili yao.

Na hapo ndipo Lenore anapoingia. Eleanor Parker anamwigiza kwa ukali na ucheshi kiasi kwamba kila anapotoka kwenye picha, picha inapoa. Anapiga, anatukana, anatupa vitu, na akiudhika jukwaani hasubiri pazia lishuke. Watengenezaji wa filamu wa Marekani wakati ule walifanya kazi chini ya kanuni za maadili zilizosimamiwa kwa nguvu tangu mwaka 1934, na chini ya kanuni hizo mwanamke aliyekuwa akiishi na mwanaume bila ndoa hakuwa na njia ya kumshinda mwali aliyelelewa vizuri. Tangu Aline alipotokea njiani, tulijua ni nani atakayevaa shela. Lenore naye alijua. Anapotambua kwamba André anampenda mwingine, halii mbele yake wala hamhubirii. Anamsukuma aende kwa uso wa mtu ambaye ana mambo mengine ya kufanya, na ni kazi nzuri kuliko zote alizoigiza katika kundi la Binet, kwa sababu mtazamaji aliyekusudiwa anaamini.

Ningeweza kukasirika kwa niaba yake, na kwa muda fulani nilikasirika. Lakini tazama wanavyompa nafasi ya mwisho. Maharusi wako kwenye gari la wazi, watu wanashangilia. Lenore yuko juu, kwenye roshani, naye anarusha shada la maua. André analidaka, analisogeza puani kama bwana harusi yeyote, na shada linamlipukia usoni kwa moshi. Ni kifaa cha vichekesho. Yule ambaye ameshapewa baba, ukoo, mke mwenye jina na gari la kupendeza anarudishwa kwa sekunde chache kuwa Scaramouche, mtu ambaye kazi yake ni kupigwa na kitu usoni ili wengine wacheke. Naye anacheka. Aliyeandika onyesho hilo alijua kwamba hadithi ilikuwa imekwenda mbali mno upande wa makabaila, na akaivuta kwa kamba ya jukwaani.

Ubunifu huu ni wa filamu peke yake, kitabuni haumo. Na ndani yake mna jambo ambalo halisemwi na mtu yeyote, ila mimi haliniishi hamu. Katika hadithi hii kila mtu ana shida ya ukoo. André anatafuta baba, Aline anadhaniwa kuwa dada, Noel anageuka kuwa ndugu, hata Philippe anakumbukwa kupitia baba yake. Lenore haulizwi na mtu amezaliwa na nani, wala yeye hasemi. Ndiye mtu pekee ambaye mwisho wake haukutegemea barua ya zamani wala kinywa cha mzee.

Anapogeuka kutoka ukingoni mwa roshani akicheka, tunaona hayuko peke yake. Amesimama na afisa mfupi wa jeshi, ambaye hatuhitaji kutajiwa jina, kwa namna alivyosimama na nywele zilivyomkalia kwenye paji la uso. Ni Napoleon Bonaparte. Wachambuzi wengine wameliona tendo hili kuwa utani wa bei rahisi, na nakubali kwamba kwa tarehe linalegalega, maana mwaka 1789 Napoleon alikuwa luteni wa mizinga wa miaka 20 ambaye hakuna mwigizaji wa Paris aliyekuwa na sababu ya kumtazama mara mbili. Lakini utani wake unaelekea mahali sahihi. Aline amepewa mwanaume mwenye damu ya zamani katika nchi ambayo mwezi Juni 1790 itafuta vyeo vyote vya kikabaila. Lenore amemchagua mtu asiye na kitu, kutoka kisiwa cha mbali cha Corsica, mwenye lafudhi ya kuchekwa. Kati ya wanawake hawa wawili, aliyeshindwa ndiye aliyeiona Ufaransa inayokuja.

Na Napoleon wa kweli hakuacha kamwe kukaa karibu na watu wa jukwaani. Talma, yule yule aliyenyimwa ndoa na paroko, alikuwa rafiki yake. Mwaka 1808 alimchukua hadi Erfurt akaigize mbele ya wafalme wa Ulaya. Oktoba 1812, akiwa Moscow na jeshi lake likikaribia kuangamia, alitia saini amri ya kupanga uendeshaji wa ukumbi wa Comédie-Française. Lakini mapenzi hayo yalikuwa na mkono mzito. Mapinduzi yalikuwa yameruhusu, Januari 1791, raia yeyote afungue ukumbi wa maigizo, na kumbi zikachipuka Paris kote, zikiwa makao ya makundi ya aina ya Binet. Mwaka 1807 Napoleon aliamuru zibaki 8 tu, na nyingine zote zifungwe kabla ya Agosti 15, ambayo ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Wengi walibaki bila kazi. Lenore, kwa ninavyomfahamu, angekuwa ameshapata mkataba katika mojawapo ya zile 8 kabla wino wa amri haujakauka.